Tupeane uzoefu: programu zinavyobadilika tabia zikiunganishwa kwa paipu

Wakuu, leteni visa vyenu vya ile alama ya | kati ya amri mbili (paipu, inayopeleka matokeo ya amri ya kwanza kwenye ya pili). Naanza mimi.

Nilikuwa nafuatilia logi ya seva hivi:

tail -f app.log | grep ERROR | cut -c1-80

Skrini kimya. Nikifungua faili lenyewe, makosa yanamiminika. Kumbe grep (inayochuja mistari yenye neno fulani) ikijua inaandikia terminali hutoa mstari mmoja mmoja, ila mbele yake kukiwa na paipu inalimbikiza mpaka bafa (hifadhi yake ya muda) ijae, maelfu ya baiti, ndipo inaachia kwa mkupuo. Nikaongeza --line-buffered, mistari ikaanza kushuka papo hapo.

— Kwa programu isiyo na swichi hiyo, tanguliza stdbuf -oL, inailazimisha itoe mstari mmoja mmoja. Python haisikii, ina bafa yake. Huko tumia python -u.

— ls (inayoorodhesha faili) nayo hubadilika hivyo hivyo. Ipige peke yake, majina yanapangwa kwa safu. Piga ls | cat, kila jina na mstari wake. Wengine hukereka, mimi naona ni ustaarabu: wc -l inahesabu mistari bila shida. (Labda mtu awe ameingiza mstari mpya ndani ya jina la faili, na huyo ana lake jambo.)

— Mimi nilirithi skripti ya bekapu kazini: pg_dump (inayotoa nakala ya hifadhidata) kwenda gzip (inayoibana), kisha faili. Kila asubuhi ripoti inasema "imefanikiwa". Siku moja nikapiga ls -l, nakala zote zina baiti 20! Hizo ni gzip iliyobana hewa tupu. Nywila ya hifadhidata ilishabadilishwa, pg_dump inagoma kila usiku, lakini bash (inayoendesha skripti) inachukua jibu la amri ya mwisho tu, na gzip yenyewe ilirudisha 0, haina kosa. Dawa ni set -o pipefail juu ya skripti, paipu nzima ihesabike imeshindwa amri yoyote ndani yake ikishindwa. Na malalamiko ya pg_dump hayapiti kwenye paipu, yanatoka njia ya stderr (njia ya pembeni ya makosa), ambayo cron (inayoendesha kazi kwa ratiba) ilikuwa imeelekezwa kuitupa /dev/null, yaani jalalani.

— Sawa mkuu, ila ukiweka pipefail jiandae na jibu la 141. Jaribu yes | head -1: head ikishachukua mstari wake inafunga, yes ikiendelea kuandika inapigwa SIGPIPE (ishara ya mfumo kwamba paipu imefungwa), ishara namba 13, na 128 + 13 ndiyo hiyo 141. Hapo hakuna kilichoharibika. Mimi kwenye mistari yenye head naangalia PIPESTATUS (orodha ya majibu ya kila amri kwenye paipu), 141 naipitisha, namba nyingine yoyote skripti inasimama.