Yule jamaa wa kipaza sauti kamwita mjomba wangu DEREVA WA BASI. Naandika huku natetemeka

Mpwa_wa_Namba_Tatu

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka ukumbini sasa hivi na chenji ya bodaboda nimemwachia dereva, mimi ninayejulikana Makorora nzima kwa kudai mia mbili yangu.

Simtaji. Mnamjua. Yule yule. Mwenye koti zito kwenye joto hili la Tanga, anayeanza kila sentensi na "ikumbukwe kwamba". Harusini yupo, msibani yupo, kisima kikizinduliwa yupo. Ukiamka usiku ukafunua sufuria la ubwabwa utamkuta humo na kipaza sauti chake, anaukumbusha mchele historia yake.

Leo kaandaa jioni ya kuwaenzi wakongwe wa mpira. Projekta, viti vya plastiki, soda na sambusa moja kwa kila kichwa (nilihesabu). Na mjomba wangu kaalikwa, kwa kadi, jina lake limeandikwa kwa kalamu.

Mjomba alikuwa Coastal Union, klabu yetu ya hapa Tanga, mwaka 1988. Mwaka ULE. Watoto wa juzi mnaodhani mpira umeanza siku mliyonunua simu, sikilizeni: klabu imezaliwa 1948, miaka arobaini baadaye Wagosi wa Kaya wakachukua ubingwa wa Bara, na tangu hapo kombe halijarudi Tanga hata kusalimia. Mohamed Mwameja mliyekuja kumjua Msimbazi kwa Simba, alidakia hapa. Juma Mgunda mnayemjua kama kocha, alikuwa mshambuliaji hapa. Hayo majina kila mtu anayo mdomoni. Sawa. Je, wale wengine? Ubingwa waliuchukua wawili?

Basi mjomba tangu asubuhi hatukai. Shati limepigwa pasi ya mkaa mara mbili, kofia ya mkono imetolewa kwenye kabati la Iddi, fimbo imepakwa mafuta. Fimbo! Tumefika saa moja kabla, kakaa safu ya tatu, kila anayepita anamwambia "leo wataonesha ile picha".

Ikaja ile picha. Timu imepangwa mbele ya basi, wengine wamechuchumaa, wengine wamesimama. Jamaa na kijiti chake anataja kutoka kushoto. Fulani, makofi. Fulani, makofi. Mjomba ni wa mwisho kulia, wale waliosimama. Wamebaki wanne. Watatu. Mjomba keshaweka mikono yote miwili juu ya fimbo. Amebaki mmoja kabla yake, keshaanza kunyanyuka, maana magoti yake yanahitaji muda. Amefika nusu. NUSU, wakuu, makalio yameachana na kiti, uso umeshapanga tabasamu. Ndipo yule mtu anagonga ukuta na kijiti chake:

"Na huyu wa mwisho, ikumbukwe kwamba, ni dereva wa basi."

Na watu WAKAPIGA MAKOFI.

Mjomba kabaki pale pale, nusu. Si kusimama si kukaa. Kisha akajifanya ananyoosha kanzu ya mzee wa jirani iliyonasa kwenye kiti, akarudi chini polepole. Sambusa yake hakuila. Ninayo hapa mfukoni, imelowesha suruali.

DEREVA! Mjomba wangu hajui kuendesha hata toroli. Baiskeli alijifunzia utu uzima akaishia mtaroni Barabara ya Kumi na Mbili. Akipanda gari la Muheza anakaa dirishani na mfuko wa rambo mkononi. Ile fainali ya klabu bingwa Afrika Mashariki na Kati mwaka 1989 kule Nairobi, tuliyopigwa tatu bila na Kenya Breweries, ukimwuliza habari za mabao hakumbuki hata moja, anachokumbuka ni alitapika mara ngapi njiani. Huyo ndiye dereva?

Nusu ya kusimama, jamani. Nafumba macho naiona.

Fundi_Saa

Nimesoma mpaka kwenye sambusa moja nikasita. Ya nyama au ya dengu?

Mpwa_wa_Namba_Tatu

Mkuu naongelea heshima ya mtu mzima wewe unauliza sambusa. Ya viazi.

Fundi_Saa

Ya viazi? Hapo sasa nimeelewa hasira zako.

Kolo_wa_Chumbageni

Mleta mada, pole. Swali dogo tu. Mjomba alicheza mechi ngapi?

Mpwa_wa_Namba_Tatu

Alikuwa kikosini. Namba tatu.

Kolo_wa_Chumbageni

Sijauliza alikuwa wapi. Ngapi?

Mpwa_wa_Namba_Tatu

Alikuwa sabu. Kuna moja aliingia mwishoni, anaikumbuka vizuri sana, aligusa mpira mara mbili na mara ya pili ulitoka nje kwa faida yetu.

Kolo_wa_Chumbageni

Kwa hiyo ndani ya basi kakaa muda mrefu kuliko ndani ya uwanja. Jamaa wa kipaza sauti kakosea kidogo tu 😂😂

Mgosi_wa_Duga

Mimi ukumbini nilikuwepo, nyuma kabisa karibu na pazia. Tuseme ukweli. Kwenye picha mzee kavaa trakisuti peke yake, wenzake wote jezi. Na mkononi kashika funguo. Rundo zima. Hata mimi ningesema dereva.

Mpwa_wa_Namba_Tatu

Zile funguo za sanduku la jezi!! Sabu ndiye aliyekuwa akiaminiwa kutunza sanduku!

Mgosi_wa_Duga

Sanduku moja, funguo saba?

Kimanumanu_36

Nacheka kwa uchungu. Nyie wa 1948 mnalilia mtu mmoja kwenye picha moja. Sisi African Sports tumezaliwa 1936, wakubwa zenu kwa miaka kumi na miwili, na leo mtoto wa Ngamiani ukimwambia "Wana Kimanumanu" anakuuliza ni kikundi cha ngoma gani. Huyo mjomba wako kaoneshwa ukutani, kapigwa kijiti, kapigiwa makofi. Wa kwetu walikuwepo pale wanne. Mnajua walitajwa vipi? "Na ndugu zetu wengine." NDUGU ZETU WENGINE. Mimi ningepewa udereva ningeomba na leseni kabisa.

Kolo_wa_Chumbageni

Mbona 2016 mlijulikana vizuri tu, mlishuka daraja.

Kimanumanu_36

Tulishuka na nani? Mbona humalizii? Sisi, Coastal na Mgambo JKT. Timu tatu za mkoa mmoja, nafasi tatu za mwisho, msimu mmoja. Mkonge wenyewe haujawahi kukatwa safi namna ile.

Mgosi_wa_Duga

Usinikumbushe 2016. Nilihama Tanga wiki mbili, nikaenda kwa shemeji Korogwe, huko nako wananitazama kama mfiwa.

Mpwa_wa_Namba_Tatu

Jamani mada. Mzee amefika NUSU. Watu wamempigia makofi dereva ambaye hayupo!

Shabiki_wa_Kudumu

Mada hiyo hiyo, mkuu. Mimi 2022 nilikwenda Arusha fainali ya Kombe la Shirikisho, Coastal na Yanga. Nililala stendi, nimejifunika bendera. Abdul Sopu wetu kafunga matatu peke yake. MATATU, fainali, dhidi ya Yanga. Tatu kwa tatu, penati wakatutoa. Mtu kafunga hat-triki akarudi na medali ya mshindi wa pili. Subirini miaka thelathini, kijiti kitagonga ukuta mtasikia "huyu alikuwa muuza karanga".

Utopolo_Raskazone

Medali ya pili nayo medali. Asante kwa kushiriki 💛💚

Shabiki_wa_Kudumu

Ndiyo maana sipendi kuandika humu.

Bishoo_wa_Mabawa

Ali Kiba alisajiliwa Coastal 2018, kila mtu anakumbuka na hata wasiojua mpira wanamkumbuka na jezi yake. Mpira ni kuimba wakuu. Mjomba angetoa hata kaswida moja.

Mpwa_wa_Namba_Tatu

Nyie watu hamna utu. Nimefika nyumbani sasa, mzee kakaa barazani, redio kaizima. Nimemwambia nitakwenda kwa yule mtu kesho akanushe mbele ya umma. Kaniambia "mwache tu, pengine jua lilikuwa linampiga machoni". Ukumbini! Usiku! Jua!

Bint_Mkwakwani

Nimekaa kimya tangu juu nasoma mnavyolitupa neno dereva kama tusi. Sasa niseme.

Dereva wa basi lile alikuwa baba yangu. Alikwishatangulia mbele ya haki. Kwenye picha hayumo, na hayumo kwa sababu ndiye aliyeipiga. Kamera ilikuwa ya mtu mwingine, mwenye kamera alitaka naye atokee, wakamwambia baba "we piga". Ukiiangalia vizuri chini kushoto kuna kivuli cha mtu kanyanyua viwiko. Huyo ndiye baba. Nyumbani tunayo nakala, mama huwa anakionesha kile kivuli kwa wajukuu.

Na zile funguo si za sanduku la jezi, kaka. Ni za basi. Alimpa mjomba wako amshikie ili mikono iwe huru.

Kwa hiyo leo makofi ya baba yangu kapigiwa mjomba wako, na bado mmenuna.

Mgosi_wa_Duga

Duh.

Fundi_Saa

Funguo saba zimepata maelezo.

Mpwa_wa_Namba_Tatu

Dada yangu, shikamoo, na naomba radhi. Sikumkusudia mzee wako. Mungu amrehemu. Hasira zangu ni kwa yule wa kipaza sauti tu. Lakini na wewe niambie, nusu ya kusimama pale...

Bint_Mkwakwani

Marahaba. Nimekuelewa. Mwambie mjomba baba alikuwa anamwita "Dirisha". Atajua.

Mpwa_wa_Namba_Tatu

Nimemwambia. Kacheka mpaka kakohoa. Anasema mzee wako ndiye aliyekuwa akimnunulia ndimu za kunusa njiani. Sambusa kaila, imepoa.

Kimanumanu_36

Vizuri. Na wale wanne wa kwetu?

Mzee_Mikanjuni

Samahani vijana, mimi nimeingia kwa habari ya basi. Lile lilikuwa Leyland?

Mgosi_wa_Duga

Isuzu.

Mzee_Mikanjuni

Isuzu gani mwaka ule. Lilikuwa na pua?

Shabiki_wa_Kudumu

Kwenye picha inaonekana taa moja na nusu ya mlango. Mlango unakunjika. Leyland huo.

Kimanumanu_36

Nimeuliza kuhusu wale wanne.

Mgosi_wa_Duga

Mlango unaokunjika hata Isuzu zilikuwa nao, babu yangu alikuwa kondakta njia ya Lushoto, kaulize.

Fundi_Saa

Bint Mkwakwani aje atuamulie.

Bint_Mkwakwani

Leyland. Nimelipanda nikiwa mdogo. Siti ya nyuma ya dereva ilikuwa na tundu, mguu wangu ulikuwa unaingia mpaka gotini.

Mgosi_wa_Duga

Tundu hata Isuzu.