Nimeshikwa na Alcoblow (mashine ya kupima pombe) usiku wa Ijumaa, korti ni Jumatatu. Niseme ni ukweli ama si ukweli?

KijanaWaKasarani (Jumamosi, saa kumi jioni)

Wakubwa habari zenu. Naomba msaada na tafadhali matusi wekeni kando kwanza, najua nilikosea na bibi yangu ameshanitukana za mwaka mzima. Jana jioni tulikuwa tunamuaga mwenzetu wa kazi kwa baa moja huku Thika Road, nikanywa nne, haki nne, labda tano ukihesabu ile mtu aliniachia akienda. Saa saba usiku nikasema nyumbani ni hapo tu, dakika kumi, nitaenda mosmos. Sikufika hata steji ya pili. Nikakuta magari yamepangwa mstari, mbele polisi, nyuma yangu lori, hakuna pa kugeuzia. Afande akanisalimia vizuri sana na hiyo ndiyo iliniogopesha, akatoa mrija mpya kwa nailoni akauweka kwa mashine akaniambia puliza usiachilie mpaka ilie. Nikapuliza kama mtu anapuliza jiko la makaa mabichi. Ikasoma 52. Akanionyesha, akasema kipimo ni 35, funga gari shuka.

Nililala seli. Mshipi walichukua, viatu walichukua, simu ikaandikwa kwa kitabu. Leo saa nne bibi alikuja na elfu ishirini ya dhamana nikatoka, nimepewa risiti na karatasi ya kufika korti ya Milimani Jumatatu saa mbili asubuhi. Gari imebaki kituoni.

Sasa maswali. Moja, nikifika korti nikubali ama nikatae? Mbili, kuna jamaa pale nje ya kituo, hakuwa na uniform, ameniambia nikimtumia elfu thelathini hiyo faili haitafika popote. Tatu, na hii ndiyo inaninyima usingizi, nimeomba kazi ya stoo Qatar na ajenti anataka ile cheti ya tabia njema ya DCI, polisi wa upelelezi. Nikipigwa faini itaonekana huko?

---

MzeeWaUmoja

Pole kijana. Mimi nilipitia hiyo kitu, kwa hivyo nakuambia vile iko, si vile watu wa WhatsApp wanasema.

Kwanza huyo jamaa wa thelathini, mblock. Umeshaandikwa kwa OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, umelipa dhamana, risiti iko na namba. Hiyo faili haiwezi kupotea kwa sababu umetuma pesa kwa mtu anayesimama kwa geti, na usipoonekana korti Jumatatu hakimu anatoa warant, unapoteza elfu ishirini na unatafutwa. Mimi nililipa mtu kama huyo elfu nane. Jumatatu nikaitwa jina langu lote mpaka la babu.

Siku ya korti enda mapema. Wewe uko nje na dhamana kwa hivyo hutakuja na Mariamu, lile gari la mahabusu, ukiwa umefungwa pingu na watu wa bangi kama mimi, shukuru Mungu kwa hilo. Vaa shati ya kola. Tafuta orodha ya kesi ujue ni korti namba ngapi, ukikosa jina lako muulize karani, usikae tu kwa benchi ukidhani utaitwa, kuna jamaa alikaa mpaka saa sita kumbe jina lake lilikuwa korti ya jirani. Ukiitwa unaingia kizimbani, karani anakusomea mashtaka haraka haraka kama makanga anaita abiria, halafu anakuuliza, ni ukweli ama si ukweli? Ni hapo tu. Sekunde tano. Mimi nilikuwa na hangover ya siku mbili na aibu, bosi alikuwa anapiga simu, nikasema ni ukweli hata sikuwa nimesikia mashtaka ya pili ni nini. Kulikuwa na mashtaka ya pili! Ati niliendesha bila kujali watumiaji wengine wa barabara. Nikakubali yote mawili kama mtu ananunua mandazi.

Ukikubali, kiongozi wa mashtaka anasoma vile ilitendeka, unaulizwa kama hayo ni ya kweli, halafu unaulizwa una nini ya kusema kabla hujahukumiwa. Hapo ndipo unasema ni mara yako ya kwanza, una watoto, hukugonga mtu. Usianze hadithi ya mazishi. Hakimu amesikia mazishi yote ya Nairobi.

Faini nililipa kwa M-Pesa nikiwa pale pale chini. Kabla ilipwe unashuka seli za korti, kwa hivyo nenda na mtu mwenye simu iko na chaji na pesa iko ndani. Mimi betri yangu ilikuwa asilimia nne.

---

WakiliMchanga

Mzee amesema vizuri. Niongeze upande wa sheria, lakini tafuta wakili wa kuiona karatasi yako yenyewe, mimi sijaiona.

Mashtaka ya kuendesha ukiwa mlevi huwa chini ya kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Adhabu ni faini isiyozidi 100,000 ama jela isiyozidi miaka miwili ama zote mbili. Soma hayo maneno tena, "isiyozidi", kwa hivyo mtu wa mara ya kwanza ambaye hakuumiza mtu si lazima afike huko juu, lakini pia usiende na mawazo kwamba ni mia tano ya kutofunga mkanda. Na kifungu hicho hicho kinataja kuzuiwa laisensi miezi 12. Watu wanahesabu faini wanasahau laisensi, halafu wanashikwa tena wakiendesha wakiwa wamezuiwa, na hiyo ni kesi ingine mpya kabisa.

Sasa 35. Hiyo inatoka kwa sheria ndogo za Alcoblow za 2011, ni maikrogramu 35 kwa mililita 100 za pumzi, ama miligramu 80 kwa mililita 100 za damu. Lakini kifungu cha 44 chenyewe hakisemi 35 popote. Kinasema umelewa kiasi cha kushindwa kuimudu gari. Ndiyo maana 2017 Mahakama ya Rufaa ilikosoa kushtaki watu kwa zile sheria ndogo peke yake, ikasema kinachofuatwa ni kifungu cha 44. Kwa hivyo swali la kwanza ukishika karatasi ya mashtaka ni: nimeshtakiwa chini ya nini, na wanasema nilifanya nini zaidi ya kupuliza? Uliyumba? Uligonga kitu? Ama ulisimama vizuri kwa mstari ukapuliza tu? Usitoke hapo ukifikiri umepata mlango wa kutorokea, afande anaweza kuja kusema macho yalikuwa mekundu na ulishuka ukishikilia mlango, na hakimu akamwamini.

Kuhusu kukubali ama kukataa. Una haki ya kupewa ushahidi wao mapema, Katiba kifungu cha 50. Una haki ya kuongea na wakili, kifungu cha 49. Unaweza kumwambia hakimu kwa heshima, "naomba siku chache niongee na wakili kabla sijajibu," na mara nyingi unapewa. Ukisema si ukweli leo unaweza kubadilisha baadaye ukubali. Ukisema ni ukweli na umeshahukumiwa, kurudi nyuma ni kazi ngumu, utaanza kukata rufaa na una siku 14 tu.

Ile pesa ya dhamana haijaenda. Kesi ikiisha unarudishiwa ama unaomba ikatwe kwa faini, lakini bila risiti utazunguka mpaka uchoke. Ipige picha leo. Na kwa wanaosoma, bondi ya polisi ni bure, unaandika tu ahadi ya kufika. Ukitoa pesa taslimu ni dhamana na lazima risiti. Pesa bila risiti iite jina lake.

Cheti cha DCI: wanachukua alama za vidole, na hukumu ya korti ya jinai inaweza kutokea huko. Usilipe ile ada ya 1,050 leo ukikimbia kesi. Kesi kwanza.

Mtu atauliza kwa nini hakupelekwa korti ndani ya saa 24. Alishikwa usiku wa kuamkia Jumamosi, na saa zikiishia siku ambayo korti haikai, inasongezwa mpaka siku ya korti inayofuata. Si makosa.

---

MamaWawili

Mimi nitasema kile hakuna mtu anataka kusema hapa. Mnaongea vifungu na risiti kama huyu ameibiwa simu. Ndugu yangu aligongwa 2019 akivuka barabara saa moja asubuhi akienda kazi ya mjengo, na huyo dereva hakuwa anakunywa asubuhi, alikuwa ametoka kwa sherehe ya usiku. Alikuwa anasema pia yuko sawa, nyumbani ni karibu. Ndugu yangu sasa anatembea na fimbo na ako miaka 34.

Wewe KijanaWaKasarani hesabu tena hizo chupa. Umesema nne, halafu labda tano. Hata leo hujui ulikunywa ngapi na unataka tukuambie useme si ukweli.

---

WakiliMchanga

Mama pole kwa ndugu yako, kwa dhati. Lakini sijamwambia akatae. Nimemwambia asome kwanza.

---

BonyezaBreki

Mimi ni dereva wa teksi za app, Ijumaa na Jumamosi ndio mshahara wangu, kutoka hapo mpaka Kasarani ungelipa mia tatu, mia nne ikiwa mvua. Nasema tu.

Kitu kingine, watu wanadanganyana na maziwa, PK, kahawa, maji baridi kichwani. Hakuna. Ini linafanya kazi kwa mwendo wake, karibu saa moja kwa kila kipimo kidogo, na chupa ya nusu lita ni zaidi ya kipimo kimoja. Tano ukimaliza saa saba usiku, saa kumi na mbili asubuhi bado ziko nawe. Nimebeba watu Jumatatu asubuhi wakinuka kama mtungi na funguo za gari mfukoni.

Na usidhani kulala ndani ya gari ukiwa umewasha injini ndio suluhisho, sheria inagusa hata anayesimamia gari kwa barabara, si anayeendesha peke yake. Hamia kiti cha nyuma, na funguo mpe mlinzi. Ama niite.

---

MzeeWaUmoja

Insuaransi pia angalia. Mimi sikugonga lakini jirani yangu aligonga akiwa amekunywa, wakakataa kutengeneza gari yake, na yule aliyeumia wakamlipa halafu wakamgeukia jirani warudishiwe. Anauza shamba.

---

KijanaWaKasarani (Jumatatu, saa moja usiku)

Asanteni wote, hata wewe Mama. Nimesoma yako mara nyingi kuliko za wengine na sikuwa na la kujibu, ndiyo maana nilinyamaza jana.

Nimetoka Milimani saa saba. Nilifika saa moja na nusu na shati ya kola. Kama mzee alivyosema, kulikuwa na mashtaka mawili, la kwanza kifungu cha 44, la pili kutofunga mkanda, na huo mkanda sikujua kabisa kama umeandikwa. Karani aliniuliza ni ukweli ama si ukweli na mdomo ukaanza kusema ni ukweli peke yake, sijui kwa nini, labda ni uoga, nikaushika katikati nikaomba siku nipate wakili. Hakimu akaniangalia juu ya miwani akasema Alhamisi, dhamana inaendelea. Dakika mbili hivi zote.

Nimeongea na wakili wa mtaa, amesoma karatasi. Nimemwambia ukweli wote, kwamba zilikuwa sita. Ya sita niliinywa nimesimama nikingoja bili. Alhamisi nitakubali la kwanza, la mkanda nitakataa kwa sababu niliufunga, ni kitu ya pekee niliyofanya vizuri usiku ule. Wakili ataomba korti izingatie ni mara ya kwanza. Ajenti wa Qatar nimemwambia tusukume mbele, hajajibu, tiki mbili za buluu tu.

Jamaa wa thelathini amepiga simu mara tatu leo. Sasa amefika elfu kumi na mbili.

Swali la mwisho, funguo ziko na bibi na amesema zitakaa kwake, sawa, lakini gari bado iko kituoni na nikienda kuiuliza mmoja ananiambia mpaka kesi iishe, mwingine ananiambia hata leo nikileta dereva asiyekunywa na pesa ya brekidauni. Lakini haikuvutwa na brekidauni, afande mwenyewe aliiendesha. Nilipe ya nini?

---

MzeeWaUmoja

Muulize OCS, mkuu wa kituo, si hao wa kaunta. Na ukiambiwa ulipe, itisha risiti ya brekidauni yenye namba ya gari lililokuvuta. Utaona bei inashuka.