Fundi kaniandikia grauti pakiti 20 kwa sebule, korido na bafu. Ni kweli zote zinahitajika?

MamaGungu
Habari za jioni wadau. Niko Kigoma, namalizia nyumba yangu hapa Gungu na nimefika kwenye vigae. Sebule ni mita 5 kwa 4.5, korido mita 6 kwa 1.2, kote naweka vigae vya 40 kwa 40. Bafu ni mita 2 kwa 1.5, chini vya 30 kwa 30, ukutani vya 25 kwa 40 mpaka mita 2 kwenda juu. Fundi kaniandikia grauti, ile ya kujazia mianya kati ya vigae, pakiti 20 za kilo moja moja. Nikamuuliza kazipataje, akasema, "Pakiti moja kwa boksi moja, mama." Sina ugomvi naye, kupanga anajua. Ila hii hela nimeichanga kwa kuuza dagaa, na sitaki pakiti zije kugandia stoo. Kuishiwa katikati ya kazi nako sitaki.

FundiIsevya
Shikamoo mama. Mimi nalaza vigae hapa Tabora. Hesabu ya boksi inadanganya, kwa sababu grauti haijazi kigae, inajaza mwanya. Unachotakiwa kujua ni ukubwa wa kigae, unene wake na upana wa mwanya.

Fanya hivi, vipimo vyote kwa milimita. Jumlisha urefu na upana wa kigae, gawanya kwa urefu mara upana. Zidisha kwa mwanya, zidisha kwa unene, halafu zidisha kwa 1.6, ambao ni uzito wa grauti ya kawaida ya simenti. Jibu ni kilo kwa mita moja ya mraba.

Kigae chako cha 400 kwa 400, tuseme unene ni 8 na mwanya ni 3: 800 gawanya kwa 160,000 ni 0.005. Mara 3, mara 8, mara 1.6, unapata 0.192, yaani chini kidogo ya gramu 200. Sebule na korido ni mita za mraba 29.7, kwa hiyo kilo 5.7. Sakafu ya bafu inakula kama robo tatu ya kilo. Jumla kilo 6.5. Ongeza asilimia 10 ya kumwagika na kubaki kwenye ndoo, inakuwa 7.1. Nunua pakiti 8.

Ukuta wa bafu ukitoa mlango ni kama mita 12 na nusu za mraba. Kwa mwanya wa 2 na unene wa 7 inatoka kilo 1.8. Ukiongeza ile asilimia 10 unagota kwenye 2 kamili, kwa hiyo chukua 3. Jumla yako ni 11, siyo 20.

Lakini muulize fundi mwanya ataacha kiasi gani. Vigae vikiwa havilingani saizi, akaamua kuweka 5, sakafu ya sebule na korido peke yake inapanda hadi kilo 9 na nusu. Hapo atakuwa na haki ya kuongeza. Na vile vigae vidogo vidogo vya mapambo, sentimita 2 na nusu, vinaweza kula kilo nzima kwa mita moja ya mraba. Usije ukavipima kwa macho.

Jambo jingine linaniuma mpaka leo. Mwaka juzi nilipungukiwa pakiti moja tu kwenye korido ya mteja. Dukani nikapata rangi ileile kwa jina, lakini ya mzigo mwingine. Ilipokauka, mstari ulionekana kuanzia mlangoni. Nilikwangua korido nzima kwa hela yangu, siku mbili nimepiga magoti. Nunua zote siku moja, na namba ya mzigo kwenye pakiti zifanane.

Mwanga_Kgm
Mama Gungu, hujasema rangi. Mimi korido niliweka nyeupe, na udongo wetu huu mwekundu watoto wanaingia nao na miguu. Kufika mwezi wa tatu tangu niweke, ilikuwa kahawia, na brashi haisaidii. Nyeupe ibaki ukutani bafuni, chini weka kijivu au kahawia.

FundiIsevya
Hapo kasema kweli. Na mama, simama pale wakati wa kukoroga. Maji yakizidi, grauti inapasuka na rangi inapauka, hata kama hesabu ilikuwa sahihi. Wakoroge kidogo kidogo, inayoanza kukauka kwenye ndoo isiongezwe maji. Gundi iliyopanda kwenye mianya ikwanguliwe kabla, la sivyo grauti inakaa juujuu kama rangi na kubanduka. Kona ya sakafu na ukuta bafuni msiweke grauti, wekeni silikoni, maana pale nyumba inacheza.

MamaGungu
Asante sana mwanangu, marahaba. Nimepima kigae cha sebule asubuhi kwa rula ya shule ya mtoto: unene ni 9, siyo 8. Nimerudia hesabu ya sebule na korido ikaja kilo 6.4, na bafu na ile asilimia 10 inafika 7.9. Bado ni pakiti 8. Fundi tumekaa naye na karatasi, amekubali mwanya wa 3, na ameiomba hiyo karatasi akae nayo. Kijivu 8 na nyeupe 3 nimezinunua leo, namba za mzigo nimezisoma moja moja pale kaunta.