"Haki mnayo, ila jengeni kwingine": hoja hii ina mashiko?

Mleta mada:

Wakuu, heshima kwenu. Kuna hoja moja inanikera kila ugomvi wa nyumba za ibada unapoibuka, uwe wa msikiti, kanisa au hekalu: "Haki mnayo, hakuna anayebisha, ila jengeni kwingine." Ni hoja yenye adabu na haimtukani mtu, ndiyo maana inapita kirahisi. Nataka tuipime kwa kesi iliyoipa umaarufu, ile ya New York mwaka 2010.

Kwa waliokuwa wadogo wakati huo: Julai 2009 mfanyabiashara wa majengo, Sharif El-Gamal, alinunua jengo kuukuu lililopo 45 Park Place, kusini mwa Manhattan. Lilikuwa duka la nguo la Burlington. Likafungwa tangu 11 Septemba 2001, siku ambayo kipande cha magurudumu ya mojawapo ya ndege walizozigongesha magaidi kwenye maghorofa pacha kilitoboa paa lake. Kutoka hapo hadi yalipokuwa maghorofa hayo, mahali panapoitwa Ground Zero, ni mitaa miwili. El-Gamal, Imamu Feisal Abdul Rauf na mkewe Daisy Khan walitaka kulibomoa na kuinua kituo cha ghorofa 13 chenye bwawa la kuogelea, uwanja wa mpira wa kikapu, ukumbi wa watu 500, na ndani yake sehemu ya kuswali. Makadirio yalikuwa dola milioni 100. Wakakiita Cordoba House, kisha Park51. Wapinzani wakakiita "msikiti wa Ground Zero", na hilo ndilo jina lililoshika.

Kisheria hapakuwa na kesi kubwa. Mei 2010 baraza la mtaa lilipiga kura: 29 wakaunga mkono, 1 akapinga, 10 wakajizuia. Tarehe 3 Agosti tume ya majengo ya kihistoria ikakataa, kura 9 kwa 0, kulipa jengo lile hadhi ya turathi, hadhi ambayo ingezuia lisibomolewe. Siku hiyohiyo Meya Michael Bloomberg, ambaye ni Myahudi, alisimama Governors Island, Sanamu ya Uhuru nyuma yake, akautetea mradi bila kung'ata maneno.

Sasa ndipo ile "ila" ikaingia. Kura ya maoni ya Chuo Kikuu cha Quinnipiac ya mwisho wa Agosti ilionyesha kwamba asilimia 54 ya wapiga kura wa jimbo la New York wanakubali Waislamu wana haki ya kujenga pale, na asilimia 71 wanataka wahame kwa hiari yao. Jumlisha mwenyewe: angalau robo ya waliohojiwa walisema yote mawili. Obama naye, tarehe 13 Agosti, kwenye futari Ikulu, alisema Waislamu wana haki sawa ya kuabudu na kujenga kwenye ardhi yao. Kesho yake akafafanua kwamba hakuzungumzia kama ni busara kujenga pale. Siku moja tu!

Walionishangaza zaidi ni Anti-Defamation League, shirika la Kiyahudi lililoanzishwa 1913 kupinga chuki na ubaguzi. Nao walikiri haki ipo, halafu wakasema mradi ungewaongezea wafiwa maumivu, kwa hiyo uende kwingine. Mwandishi Fareed Zakaria, waliyekuwa wamempa tuzo ya kutetea uhuru huohuo, aliwarudishia tuzo pamoja na dola 10,000 zake. Huyo nilimvulia kofia.

Msimamo wangu ni huu. Ukimwambia mtu "sogea, unawatonesha wafiwa kidonda", umeshamhesabu upande wa muuaji. Hakuna njia nyingine ya kuielewa kauli hiyo. Ndani ya ghorofa la kusini, ghorofa ya 17, kulikuwa na chumba cha kuswalia, na Waislamu walikufa siku ile pamoja na wenzao. Salman Hamdani, kijana wa miaka 23 aliyesomea huduma ya kwanza na kuwa kadeti wa polisi, alikwenda kuokoa watu akafa. Kabla mabaki yake hayajapatikana alishukiwa ugaidi. Baadaye jina lake likaandikwa kama shujaa ndani ya Patriot Act yenyewe, ile sheria ya Marekani ya kupambana na ugaidi. Mama yake alijitokeza hadharani kuuunga mkono mradi. Mama huyu mnamweka kundi gani, la wafiwa au la wanaowaumiza wafiwa?

Na umbali je? Mitaa miwili ni karibu mno, haya. Mitaa mingapi inatosha? Masjid Manhattan wakati huo ilikuwa Warren Street, palepale jirani, nayo ni ya tangu 1970, kabla maghorofa yale hayajafunguliwa rasmi. Jengo la Park Place lenyewe lilikuwa linaswaliwa Ijumaa tangu 2009 na mji ulikuwa kimya. Desemba mwaka huo mtangazaji wa mrengo wa kulia, Laura Ingraham, alimhoji Daisy Khan kwenye Fox na kumwambia anaupenda mpango wake. Kidonda kilianza kuuma Mei 2010, mwaka wa uchaguzi wa Bunge.

Nawasilisha. Matusi wekeni pembeni.

Wa Nairobi:

Mleta mada, umeandika vizuri lakini umewarahisishia kazi wanaokubaliana nawe. Mimi nilikuwa mjini tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa kwa bomu. Hapa Nairobi peke yake walikufa watu 213. Vioo vilikuwa vinashuka kutoka madirishani kama mvua, na mtu asiyejua lolote kuhusu siasa za Marekani alitoka pale bila macho. Kwa hiyo mtu akiniambia hisia za wafiwa ni unafiki wa uchaguzi, nitamtazama mara mbili.

Nakupa mfano ulioukwepa. Mwaka 1984 masista wa Wakarmeli waliweka makao kwenye jengo lililopo ukingoni mwa Auschwitz, kambi ya Wanazi kule Poland walikouawa Wayahudi wengi. Walikwenda kusali tu. Hakuna aliyedai masista wale waliua mtu. Wayahudi wakasema hapa ni makaburini kwetu, tunaomba mwondoke. Mvutano ukachukua miaka, na mwaka 1993 Papa Yohane Paulo II mwenyewe akawaandikia wahame. Je, aliwahesabu upande wa Hitler? Hapana. Aliona kwamba kuwa na haki si sababu ya kuitumia kila mahali.

Kwetu ukijenga karibu na msiba huombi ruhusa, unabisha hodi. Rauf na wenzake walikwenda kwa baraza la mtaa, wakazungumza na viongozi wa dini, wakazungumza na magazeti. Wafiwa wengi walisikia kwenye runinga. Hapo ndipo mimi nawalaumu.

Wa Mbagala:

Mada ndefu, nimesoma nusu. Kwani mwisho wake ulijengwa au haukujengwa?

Wa Unguja:

Nina la kumwambia Newt Gingrich, mwanasiasa wa Marekani, kuliko nyinyi. Yeye Julai 2010 alisema pasiwe na msikiti karibu na Ground Zero maadamu Saudi Arabia hakuna kanisa wala sinagogi. Ni kweli Saudi hakuna kanisa. Lakini mtoto aliyezaliwa Brooklyn, baba dereva teksi, ana kesi gani na Riyadh? Haki yake inakuwaje dhamana ya mfalme asiyemjua?

Halafu akitaka kuona kanisa katikati ya mji wa Waislamu, aje Mkunazini, hapa Unguja mjini. Kanisa kuu la Waanglikana limesimama palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba alioutia saini Sayyid Barghash, na Krismasi ya mwaka uleule jiwe la msingi likawekwa. Askofu Edward Steere ndiye aliyelisimamia, na amezikwa nyuma ya altare. Inasimuliwa kwamba saa ya mnarani ilitoka kwa Barghash mwenyewe. Ukisimama pale nje saa ya adhuhuri unasikia adhana kutoka zaidi ya msikiti mmoja, na hakuna anayeziba masikio.

Tusijidanganye pia. Barghash alitia saini huku Waingereza wakimtishia kuifunga bandari kwa manowari. Haikuwa hisani tupu. Lakini lilivyojengwa limekaa, na mji haukufa.

Na kwa sababu nimewasema wengine, niseme na kwetu. Mei 2012 makanisa yalichomwa hapa Unguja. Waliochoma nao walikuwa na hisia zilizoumizwa, ndivyo walivyosema.

Wa Mbagala:

Na sisi huku Mbagala, Dar es Salaam, Oktoba mwaka huohuo. Watoto wawili walibishana, mmoja akakojolea msahafu, watu wazima wakaenda kuvunja na kuchoma makanisa. Ningeomba anayesema "tuheshimu hisia za umma" atuambie hisia hizo zinapimwa na nani. Maana siku ile umma ulikuwa na mawe mkononi.

Bado sijajibiwa ulijengwa au la.

Wa Kisumu:

Hivi mnakumbuka 4 Agosti 2010 ilikuwa siku gani kwetu Kenya? Kura ya maoni ya katiba, siku moja tu baada ya ile tume ya New York kupiga kura yake. Viongozi wengi wa makanisa walisema Hapana, na mojawapo ya sababu zao kuu ilikuwa mahakama za Kadhi. Nilikuwa upande wao, sifichi. Niliona Waislamu wanapewa kitu ambacho sisi hatuna, na usawa hauko hivyo. Katiba ikapita kwa thuluthi mbili, Kadhi akabaki, na ibara ya 32 ikampa kila mtu uhuru wa kuabudu.

Kwa hiyo mimi ninamwelewa Mmarekani aliyeogopa. Tofauti ni kwamba hofu yangu ilikuwa juu ya kodi na mahakama ya serikali. Ya kwake ilikuwa juu ya bwawa la kuogelea kwenye kiwanja kilichonunuliwa kwa pesa ya mtu binafsi. Hapo naungana na mleta mada.

Wakili wa Arusha:

Kisheria nyongeza moja tu. Marekani tangu mwaka 2000 ina sheria inayokataza mamlaka za ardhi kubagua nyumba za ibada au kuzibebesha mzigo usio wa lazima. New York isingeweza kuzuia mradi ule ikashinda mahakamani.

Lakini nataka mtazame Murfreesboro, mji wa Tennessee, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Ground Zero. Waislamu wa pale walitaka kujenga kituo chao mwaka huohuo wa 2010. Agosti vifaa vya ujenzi vikachomwa moto. Wapinzani wakaenda mahakamani, wakataka hata ijadiliwe kama Uislamu ni dini, mpaka Wizara ya Sheria ya Marekani ikalazimika kuwasilisha maelezo kwamba ndiyo, ni dini. Kituo kilifunguliwa Agosti 2012 baada ya amri ya mahakama ya shirikisho. Sasa ndugu yangu wa Nairobi, kule "kwingine" walikoambiwa waende ni wapi hasa?

Mleta mada:

Wakili, umenipokonya jibu mdomoni.

Wa Nairobi, pole kwa ya 1998, na nakubali kuhusu hodi. Wangekwenda kwa wafiwa kwanza, heshima yao ingekuwa kubwa zaidi. Ila mfano wa Auschwitz siukubali wote. Masista waliingia kwenye jengo lililowahi kuhifadhi gesi ya kuulia watu, na ugomvi ulikuwa juu ya kumbukumbu yenyewe, nani aombolezwe pale na kwa ishara ya dini ipi. Park Place ilikuwa mtaa wa biashara wenye baa na kamari jirani. Hakuna aliyekusudia kuombea maghorofa kwa jina la Uislamu.

Halafu fikiria hili. Oktoba 2010, mwendo wa miguu kutoka Park Place, mahakama ya shirikisho ya Manhattan ilikuwa inamsikiliza Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, kwa mabomu yaleyale ya Nairobi na Dar es Salaam. Alitiwa hatiani Novemba na kufungwa maisha. Waswahili wapo New York, wana maduka na migahawa. Angetokea mtu akasema kwa upole kabisa kwamba kibao cha mgahawa wa Mzanzibari kinawatonesha Wakenya kidonda, afungue mtaa mwingine, ungemuunga mkono?

Wa Mbagala, samahani. Haukujengwa. Hakuna mahakama iliyouzuia wala mamlaka iliyounyima kibali. Mapema 2011 Rauf na El-Gamal walifarakana. Septemba mwaka huo likafunguliwa onyesho dogo la picha za watoto ndani ya jengo lilelile la zamani. Zile dola milioni 100 hazikupatikana. Baadaye El-Gamal akatangaza makumbusho ya ghorofa tatu, na kiwanja kikubwa akakipandisha mnara wa apartimenti za kifahari, ghorofa arobaini na kitu.

Wa Mbagala:

Apartimenti! Na hizo haziwatoneshi wafiwa?

Wa Nairobi:

La mgahawa nisingeliunga mkono, umenishika. Lakini mgahawa hausemi kitu, na nyumba ya ibada inasema, hata ikinyamaza. Ndiyo maana watu hugombania minara ya misikiti. Waswisi Novemba 2009 waliipigia kura ya kuipiga marufuku, asilimia 57.5, nchi yenye minara minne tu. Wale siwatetei.

Ninachotetea ni kidogo: aliyefiwa asikie kutoka kwako kabla ya kusikia kwa mgombea ubunge.

Mleta mada:

Sawa. Basi tuseme Rauf amebisha hodi. Wafiwa wenyewe waligawanyika, wako walioandamana kuupinga na wako waliojitokeza kuuunga mkono. Wamemfungulia mlango, nusu wanasema karibu, nusu wanasema hapana. Asikilize nusu ipi?

Wa Nairobi:

Awasikilize wote, halafu aamue mwenyewe. Huenda hata angejenga. Ila angejua majina ya waliosema hapana.