MREJESHO: Umiliki wa majedwali baada ya kuhamia PostgreSQL 15

Wakuu, asanteni sana kwa kunijibu nilipouliza namna ya kurudisha umiliki wa majedwali. Ni ule mfumo wa ghala la asali huku Tabora, unaohifadhi data kwenye PostgreSQL (programu ya database): tulitoka toleo la 11, majedwali yote yakawa mali ya postgres (mtumiaji mkuu wa database), programu ikawa inatemewa "permission denied".

REASSIGN OWNED (amri ya kuhamisha umiliki wote kwa mpigo) iligoma, maana postgres inamiliki hadi vitu vya mfumo wenyewe. Kilichonitoa ni kurejesha bakapu kwenye database tupu kwa `pg_restore --no-owner --role=ghala`, yaani bila wamiliki wa zamani, kila kitu kiwe cha ghala, mtumiaji wa programu yetu. Nayo ikakwama kwanza: toleo la 15 halimruhusu tena kila mtumiaji kuunda vitu kwenye skima ya public (fungu la kawaida la majedwali ndani ya database). Nikapiga `ALTER SCHEMA public OWNER TO ghala`, ikapita.

Dblink (kiendelezi cha kusoma data ya database nyingine) ilibidi niiweke nikiwa mtumiaji postgres. Ripoti moja inayoitegemea bado inasumbua, ila mizani inapokea mzigo kama kawaida.