Nisomee ufundi wa mabehewa, au nibaki na mageti yangu Isevya?

MchomeleajiUnyanyembe:
Wakuu, salaam. Nachomelea mageti na madirisha hapa Isevya, Tabora, mwaka wa sita sasa, cheti cha VETA ninacho. Nimeweka akiba nisome ufundi wa mabehewa. Baba mdogo anacheka. Ananiambia vichwa vya reli mpya ya SGR vimetoka Korea Kusini kwa Hyundai Rotem, mabehewa ya mizigo 1,430 yameagizwa China kwa CRRC, sasa wewe utachomelea nini? Na hali yenyewe ndiyo hii: 2023 dola ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, bei ya bati haishikiki. Nchi inaweza kweli kuanzisha kiwanda cha mabehewa wakati uchumi umebana, au najidanganya? Nawasilisha.

KaptulaNyeusi:
Mkuu, mkataba wa chuma cha Liganga ulisainiwa 2011. Umeshaona hata msumari wake? Endelea na mageti.

MkerezajiMstaafu:
Kijana, baba yako mdogo kasema nusu.

Mimi niliingia karakana ya reli hapahapa Tabora 1979, nikiwa mkerezaji. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977 na karakana kubwa ya Nairobi imebaki kwa wenyewe. Vita vya Kagera vikala fedha, mafuta yakapanda, fedha za kigeni hakuna. Spea ukiiandikia leo, unaweza kuisubiri hadi mtoto aanze shule. Tukawa tunachinja behewa moja ili mawili yatembee. Unatoa bogi hapa (ile fremu ya chini yenye magurudumu), kiungio kule, mifupa inabaki saidingi, njia ya pembeni, inaota nyasi.

Lakini shida ile ndiyo iliyotufundisha kazi. Kiatu cha breki ni chuma cha kusubu tu: unayeyusha chakavu, unamimina kwenye kalibu la mchanga, unasawazisha, kinafungwa. Bushi tulikereza wenyewe. Gurudumu likilika ukingo tulilirudisha umbo kwenye mashine. Behewa la mizigo lenyewe ni fremu na bamba za chuma, na hiyo ni kazi ya welda kama wewe. Tusichoweza ni ekseli, gurudumu jipya na beringi. Vile vinataka nyundo kubwa za kufulia chuma na vipimo vya kuona ufa ulio ndani. Anayekwambia tutaanza na hivyo anakupa hadithi.

Sasa sikia panapouma. Kinachoua kiwanda cha treni si ufundi, ni pengo la oda. Tazama Derby, Uingereza, wanatengeneza treni tangu enzi za mvuke. Mwaka 2024 kiwanda cha Alstom pale kilikaribia kukosa kazi kabisa, mpaka serikali ikaagiza treni 10 za nyongeza za London. Uingereza hiyo! Wahindi walilijua hili mapema. Kiwanda chao cha mabehewa cha Perambur kilianza 1955 kwa msaada wa Waswisi, na mnunuzi wake ni reli yao wenyewe, kila mwaka, njaa au shibe. Ndiyo maana baadaye waliweza kutuuzia hata sisi. Vile vichwa vya daraja la 73 tulivyokuwa tunavibembeleza kupanda milima vilitoka Varanasi, kiwanda chao kingine.

Mbeba_Asali:
Naongezea la Afrika Kusini, nilikaa kule. Walifanya kama anavyosema mzee: 2013 wakaagiza treni 600 kwa mkupuo, na 2018 kiwanda kikafunguliwa Dunnottar. Oda ipo, kazi ipo. Ila mwishoni mwa 2019 mikataba ya walinzi wa njia ikakatishwa, halafu Korona ikaja. Wezi wakakata nyaya, wakabomoa stesheni hadi mabati. Treni mpya zikawa zinatoka kiwandani hazina pa kupita.

MkerezajiMstaafu:
Umenikumbusha, ndugu. Hata sisi huku reli ya kati ilianza kufa kwenye tuta na mataruma, mabehewa yakafuata.

MchomeleajiUnyanyembe:
Mwangaluka, baba. Shikamoo. Kwa hiyo nisome au nisisome? Fedha niliyonayo ni ya mara moja.

MkerezajiMstaafu:
Marahaba. Soma, ila usisome ukingoja kiwanda. Reli ya zamani, ile ya mita moja iliyofika hapa 1912, bado inabeba mzigo wa Kigoma na Mpanda, na mabehewa yake yanaharibika kila wiki. Hiyo kazi ipo, na dola ikiadimika inaongezeka, maana cha kununua kinakuwa cha kukarabati. Ukienda chuoni uliza swali moja: mwanafunzi anashika bogi mwezi wa ngapi? Wakikuzungusha kwa ubao na chaki mwaka mzima, rudi nyumbani na akiba yako.

Na kabla ya yote, weka hapa picha ya mshono wako.

MchomeleajiUnyanyembe:
[picha 2] Hilo ni tela la trekta, nilimaliza juzi.

KaptulaNyeusi:
Mbona safi tu?

MkerezajiMstaafu:
Ya kwanza nzuri, umetulia. Ya pili, mshono wa chini una vitundu kama mkate. Rodi zako zimenyonya unyevu, umeziacha wazi masika hii. Zikaushe, ukwangue pale, urudie kabla mwenye tela hajapakia tumbaku.