Wakuu, eti stresi ya oksidesheni inavunja dawa za sukari? Mama anataka kuacha vidonge

Kitinda_Mimba: Wakuu habari za muda huu. Bi mkubwa wangu yupo Tanga, ana sukari miaka mingi, anatumia metformin na glibenclamide. Alikuwa anacheza kwenye 7 au 8 asubuhi kabla ya kula ila siku hizi mashine inasoma 13, kesho 9, keshokutwa 14, haieleweki. Sasa kuna jamaa anauza unga wa mlonge kamwambia mwili wake una stresi ya oksidesheni ndo inazivunja dawa kabla hazijafanya kazi, kwa hiyo aache vidonge mwezi mzima asafishe mwili kwanza. Nikagugo nikakuta kweli watu wa maabara wanaongelea dawa za sukari kuvunjika kwa hiyo stresi, nikaishiwa pozi. Halafu vidonge anavibonyeza vyote anavitia kwenye chupa ya jam dirishani jikoni, eti zile karatasi zinamsumbua vidole. Naombeni ushauri.

Chuma_Ulete: Asiache dawa mkuu!! Sukari ikishapanda huko hakuna unga utakaoikimbilia

Mfamasia_wa_Zamu: Kitinda pole, na huyo muuzaji ni mjanja maana kachanganya vitu viwili vyenye jina linalofanana. Ulichosoma ni kipimo cha kiwandani. Wanachukua dawa wanailoweka kwenye haidrojeni peroksaidi, ile ile ya kusafishia vidonda, nyingine kwenye asidi, nyingine wanaichoma kwa joto na mwanga makusudi, waone inavunjika vipi na inatoa takataka gani. Hiyo inawasaidia kujua waifungashe vipi. Haina uhusiano na damu ya mama.

Mwilini ni habari nyingine. Metformin haivunjwi na ini kabisa, inatoka na mkojo ikiwa nzima kama ilivyoingia, sasa hiyo stresi iliivunja saa ngapi? Glibenclamide ndo inavunjwa na ini, tena kwa oksidesheni kweli, lakini hiyo ni kazi ya ini ya kila siku hata kwa mtu mzima wa afya. Stresi ya oksidesheni mwilini, yaani kemikali kali zinazozidi uwezo wa mwili kuzizima, ipo na sukari ikikaa juu inaongezeka, ila inachoumiza ni seli za kongosho zinazotoa insulini. Glibenclamide kazi yake ni kuzisukuma seli hizo hizo, zikichoka miaka inavyoenda mgonjwa anaona dawa imeisha nguvu kumbe kongosho ndo limechoka. Hapo daktari anabadilisha au anaongeza dawa, na kwa wengine anaanzisha insulini. Mlonge nao unaweza kushusha sukari, ukijumlishwa na glibenclamide mtu anaweza kudondoka, kwa hiyo akiwa anautumia aseme kliniki.

Kitinda_Mimba: Asante sana mkuu. Na chupa ya dirishani je?

Mfamasia_wa_Zamu: Itoe leo leo. Jikoni kuna mvuke, dirishani kuna jua, na kidonge kikishatolewa kwenye karatasi yake kinga imeisha. Metformin haiharibiki kirahisi lakini hata yenyewe soma boksi lake. Vilivyobadilika rangi, kulainika au kumeguka asimeze, avirudishe duka la dawa. Vidole vikimsumbua mjukuu ambonyezee vya siku hiyo tu.

Mama_Wawili_Tanga: Mdogo wangu kabla hujalaumu dawa, stripu za mashine anaziweka wapi? Mimi marehemu mama mkwe alikuwa anazihamishia kwenye kimfuko cha kanga, unyevu wa huku pwani unaujua, namba zinaruka kama hizo zako. Zikae kwenye kopo lake na kifuniko kibanwe kila saa.

Mfamasia_wa_Zamu: Dada umenena. Ile stripu ina kimeng'enya ndani, unyevu ukiingia inasoma uongo. Kitinda, waambie kliniki wampime HbA1c, hiyo inaonyesha sukari ya miezi miwili mitatu nyuma, haidanganywi na stripu mbovu. Na figo wamwangalie, mtu wa metformin lazima.

Kitinda_Mimba: Nimempigia dada yangu sasa hivi, kopo la stripu lipo wazi juu ya friji 😂 kifuniko hakijulikani kilipo. Kliniki ni Jumatano, vidonge anaendelea navyo, nimebishana naye nusu saa.

Dereva_Usiku: Samahani kudandia uzi, mimi natumia insulini, niko barabarani Dar mpaka Mbeya, naiweka kwenye kikuli (kile kiboksi cha baridi) na barafu, sawa?

Mfamasia_wa_Zamu: Isigusane na barafu ndugu, izungushie taulo. Insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka usiichome. Na kwenye dashibodi usiiache hata kidogo.